Kipimo cha maji cha mkononi, baada ya misimu miwili kando ya mgodi wa makaa ya mawe

Kipimo ninachokitathmini hapa ni kile kijiti cha plastiki chenye urefu wa kiganja na nusu, chenye kioo kidogo cha tarakimu juu na elektrodi chini, kinachouzwa Kariakoo katika maduka ya vifaa vya maabara na katika maduka ya wafugaji wa samaki. Sitaji chapa, kwa sababu stika hubadilika kila shehena inapoingia ilhali kifaa kinabaki kilekile: hupima pH (yaani kiasi cha uchachu wa maji), hupima uwezo wa maji kupitisha umeme, na huonyesha joto la maji. Nilikinunua kwa shilingi 85,000 kwa niaba ya jumuiya yetu ya watumia maji, ambayo mimi ni katibu wake, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, katika bonde ambalo vijito vyake hushuka hadi Mto Ruhuhu na kuishia Ziwa Nyasa. Kama ilivyo kwa mabonde mengine kadhaa ya upande huu, bonde letu limepata jirani mpya, yaani mgodi wa wazi wa makaa ya mawe, na wanajumuiya walinituma mjini na swali moja tu: maji yetu yakibadilika, tutamwonyesha nani nini?

Nalitaja swali hilo mapema kwa kuwa ndilo nililolitumia kukipimia kipimo chenyewe. Mfugaji wa samaki au mwenye chujio la maji nyumbani anaweza kukiona kizuri au kibaya kwa sababu zake nyingine kabisa.

Muuzaji alianza vibaya. Alikitumbukiza kijiti katika glasi ya maji ya bomba, kisha katika chupa ya maji ya kunywa, akanionyesha kwamba tarakimu ya chupa ni ndogo zaidi. "Unaona, kaka? Haya ni safi, yale si safi. Hiki kinapima kila kitu." Hakipimi kila kitu, na wala hakipimi usafi. Kinachohesabiwa pale ni wingi wa chumvi zilizoyeyuka, ziwe nzuri au mbaya, na maji yaliyojaa vijidudu vya kipindupindu yanaweza kutoa tarakimu ndogo ya kupendeza kuliko maji salama ya kisima kirefu. Hakioni bakteria, hakitofautishi chokaa na salfeti (chumvi itokanayo na salfa), na madini ya risasi hayatakishtua hata kidogo katika kiwango kinachotosha kumdhuru mtoto. Anayekinunua ili ajue kama maji yanafaa kunywewa atakuwa ametupa fedha zake, na afadhali azitumie kupeleka chupa moja katika maabara ya ubora wa maji.

Kwetu sisi, hata hivyo, kuhesabu chumvi ndiyo kazi yenyewe, na sababu yake iko ndani ya mwamba. Makaa ya mawe ya Ruvuma yamo katika miamba ya Karoo, yaani matabaka ya kale ya mchanga na matope yaliyogeuka mawe, na makaa pamoja na miamba inayoyazunguka mara nyingi huwa na pairaiti, ambayo ni muungano wa chuma na salfa. Ikiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, pairaiti hukaa kimya kwa mamilioni ya miaka. Ikifukuliwa na kurundikwa kwenye kilima cha kifusi, ikapata hewa na mvua, huanza kuvunjika na kutoa tindikali ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Maji hayo yakifika kijitoni, chuma hujitenga na kutanda juu ya mawe kama ute wa rangi ya chungwa. Watu wengi hudhani kwamba dalili ya kwanza ni uchachu wa maji, yaani kushuka kwa pH, lakini sivyo ilivyo siku zote: pale ambapo miamba ina chokaa, tindikali huzimwa njiani, pH hubaki karibu na 7 kama kwamba hakuna lililotokea, huku salfeti ikiongezeka na uwezo wa maji kupitisha umeme ukipanda. Anayetazama pH peke yake anaweza kuambiwa kuwa kila kitu ni shwari, na aliyemwambia asiwe amesema uongo.

Ndiyo maana nimekigawa kifaa hiki vipande viwili katika tathmini yangu, na alama ninazovipa vipande hivyo zinatofautiana sana.

Sehemu ya umeme ni nzuri kuliko bei yake. Husomwa kwa mikrosimensi kwa sentimita, na vijito vyetu vya milimani, ambavyo maji yake ni laini mno, husoma kati ya 55 na 75 wakati wa kiangazi. Tulichukua chupa mbili za maji yaleyale, moja tukaipima wenyewe na nyingine tukaipeleka maabara ndani ya kisanduku cha barafu siku hiyohiyo. Sisi tulipata 64 na maabara ikapata 66. Kwa kijiti cha bei hiyo sina neno la kulalamika. Husawazishwa kwa kimiminika maalumu chenye thamani ya 1413 katika nyuzi 25 za Selsiasi, na kinajirekebisha chenyewe kulingana na joto la maji, jambo ambalo ni la lazima, kwani bila marekebisho hayo tarakimu hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi na mchana wa siku moja vingetoa majibu yanayopingana, na mabishano yangeanzia hapo.

Sehemu ya pH ilituchosha. Katika maji yenye chumvi kidogo kama yetu, elektrodi ya bei ya chini huyumba: inaonyesha 6.2, inapanda polepole, unasubiri dakika tano, inafika 6.7, mtu anakitikisa, inarudi 6.4. Maabara ilisoma 6.9. Isitoshe, elektrodi ya pH haitakiwi kukauka, wala haitakiwi kuhifadhiwa katika maji yaliyochujwa chumvi zote. Huhitaji matone ya mmumunyo wa kloridi ya potasiamu ndani ya kifuniko chake, nao mmumunyo huo haukuwemo katika boksi na wala hauuzwi Mbinga mjini. Kijana aliyekuwa akikitunza alikifuta vizuri, akakikausha kwa kitambaa, akakiweka kabatini kwa wiki sita, kwa nia njema kabisa. Tulipokitoa, upande wa pH ulikuwa umekufa, na hata bafa, yaani vimiminika vya kusawazishia pH, za 4.01, 6.86 na 9.18 zilizokuja na kifaa hazikuufufua. Kitabu cha maelekezo, cha Kichina na Kiingereza, kina sentensi moja kuhusu jambo hilo, tena kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Kuna kero nyingine ndogondogo. Betri zake nne za vidonge hazipatikani kirahisi nje ya miji mikubwa, kwa hiyo nunua akiba siku ileile. Maandishi ya "hakiingii maji" yachukuliwe kama dua: ukungu wa alfajiri peke yake uliingia nyuma ya kioo. Na juani tarakimu hazisomeki mpaka mtu akutilie kivuli kwa kofia au kanga.

Sasa nije kwenye haki ya maji, ambayo ndiyo iliyotupeleka dukani.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa matumizi ya nyumbani mwananchi anayeyafikia maji kihalali hahitaji kibali. Kwa mfereji wa umwagiliaji, kwa kiwanda au kwa mgodi, kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa upande wetu ni ya Bonde la Ziwa Nyasa, mojawapo ya mabonde tisa ya nchi. Anayetaka kumwaga maji machafu mtoni naye huhitaji kibali chake cha kutiririsha. Kibali hutaja chanzo na kiasi, na hapa ndipo nilipogundua kwamba kijiti chetu cha 85,000 hakijibu nusu ya swali, kwa sababu haki iliyoandikwa katika kibali ni ya kiasi kabla haijawa ya ubora, na shimo la mgodi linaweza kukunyang'anya kiasi bila kuchafua tone moja.

Hutokea hivi. Shimo likichimbwa chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji hukusanyika ndani yake, na mgodi hulazimika kuyapampu nje mchana na usiku ili mitambo ifanye kazi. Kadiri yanavyopampuliwa ndivyo usawa wa maji unavyoinama kuelekea shimoni kutoka pande zote, na visima vya karibu hushuka, kisha chemchemi za pembezoni hupungua, na mwisho kijito huanza kukauka mapema kuliko miaka ya nyuma. Hakuna elektrodi inayoliona hilo. Maji yaliyobaki yatasoma 64 kama zamani, matamu na baridi, ila hayatajaza ndoo.

Kwa hiyo tulinunua vifaa vingine vitatu ambavyo kwa pamoja havikufika nusu ya bei ya kijiti, na nikiri kwamba ndivyo vilivyotufaa zaidi: utepe wa fundi wa mita 50, boksi la chaki za shule, na ndoo ya lita 20. Utepe hufungwa kipande cha nondo mwishoni, mita ya mwanzo hupakwa chaki, kisha huteremshwa kisimani mpaka alama nzima fulani, tuseme mita 8, ilingane na ukingo wa zege. Ukiuvuta, chaki iliyolowa inaonyesha wazi mahali maji yalipofikia. Sehemu iliyolowa ikiwa sentimita 90, maji yako katika kina cha mita 7.10. Ni njia ya zamani inayotumiwa hata na wataalamu wa maji ya ardhini, haina betri, na mama yeyote anayechota pale anaweza kuisoma bila kufundishwa mara ya pili.

Ndoo ni kwa ajili ya chemchemi. Bomba la mwanzi linaelekezwa ndooni na mtu anahesabu sekunde kwenye simu. Oktoba ya kwanza ndoo yetu ilijaa kwa sekunde 50, yaani lita 0.4 kwa sekunde, ambazo ni lita 34,560 kwa siku. Bibi mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye amechota pale tangu alipoolewa, alisimama akatutazama tukirudia mara tatu, kisha akasema: "Wanangu, mimi ningewaambia. Ndoo ni Baba Yetu mbili na Salamu Maria moja." Alikuwa sahihi kwa kadiri ya saa yangu, na nimeliandika hilo daftarini, ingawa sina hakika ofisi ya bonde italipokea.

Utepe huohuo una kazi ya pili ambayo sikuitarajia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa. Hizo ni tarakimu ambazo mwanakijiji anaweza kuzipima mwenyewe kwa utepe, mbele ya mashahidi, bila kumwita mtaalamu. Mita 200 ni mitupo minne ya utepe wetu.

Narudi kwenye kijiti, kwa kuwa kuna siku moja kilipojilipia. Katika mkutano wa kijiji, ofisa mazingira wa upande wa mgodi alisikiliza tarakimu zetu kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote anayejua kazi yake angeuliza: "Kipimo mlikisawazisha lini mara ya mwisho, Katibu?" Nilifungua ukurasa. Tarehe ilikuwepo, namba ya pakiti ya kimiminika cha 1413 ilikuwepo, tarakimu iliyosomwa kabla na baada ya kusawazisha ilikuwepo, na sahihi mbili. Akaomba kupiga picha ukurasa ule, na tangu siku hiyo hupima pamoja nasi kila mwanzo wa mwezi, kijiti chake cha bei kubwa na chetu vikiwa ndani ya chombo kimoja. Tofauti haijawahi kuzidi mikrosimensi 5. Sikusudii kumsifu mgodi wala kumlaumu. Nasema kwamba kifaa cha bei ndogo chenye daftari zuri kiliheshimiwa, na nina shaka kama kifaa cha bei kubwa kisicho na daftari kingevuka swali lile la kwanza.

Kuhusu daftari, tumejifunza mambo kadhaa kwa makosa yetu. Kurasa ziwe na namba, kalamu iwe ya wino, na kosa likatwe kwa mstari mmoja bila kufutwa. Kipimo kifanyike sehemu mbili kwa saa ileile: juu ya mgodi, mahali ambapo maji yake hayawezi kufika, na chini yake. Mwanzoni tulipima chini peke yake, na ilipofika Novemba tarakimu zikapanda hadi 92, vijana wakataka kuandamana. Baadaye tulipoanza kupima juu pia, tukaona kwamba mvua za kwanza husafisha majivu ya mashamba yaliyochomwa na kuinua tarakimu za kijito chote, kuanzia kwenye chanzo chenyewe, kisha masika yakikolea maji mengi huzishusha. Mwezi hulinganishwa na mwezi wake wa mwaka uliopita, na chini hulinganishwa na juu. Ulinganisho mwingine wowote ni ugomvi tu. Vivyo hivyo kwa visima: kisima chetu cha shule kimeshuka katika miaka hii miwili, lakini kisima cha upande wa pili wa kilima, mbali na shimo, kimeshuka karibu kiasi hichohicho, na kwa hiyo hatujamshitaki mtu.

Kuna tarakimu nyingine ambayo watu hupenda kututajia, nayo ni kiwango. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linayahesabu maji ya umwagiliaji yaliyo chini ya mikrosimensi 700 kuwa hayana kizuizi, na kati ya 700 na 3,000 kuwa ya kutumiwa kwa tahadhari. Maharage, ambayo ndiyo mboga na ada za shule za watoto wetu, ni miongoni mwa mazao yanayoanza kuumia mapema. Ni mwongozo mzuri. Lakini kijito kilichokuwa 64 kikifika 400 kitakuwa bado chini ya kiwango, na mtu atasimama na kusema kuwa hakuna kilichoharibika, ilhali maji yamekuwa mara sita ya yalivyokuwa. Kiwango hujibu kama maji yanafaa, ilhali sisi tunauliza kama bado ni maji yetu yaleyale. Jibu la swali hilo halimo katika jedwali lolote isipokuwa lile ulilolianza mwenyewe kabla ya shimo kufunguliwa.

Wamarekani walilijua hili zamani. Sheria yao ya shirikisho ya 1977 kuhusu uchimbaji wa makaa ya mawe wa juu ya ardhi inamlazimu mwendesha mgodi kumpa maji mbadala mwenye ardhi ambaye kisima au kijito chake kimechafuliwa, kimepungua au kimekatika kwa sababu ya uchimbaji, na inamtaka aeleze hali ya maji ya eneo kabla hajapewa kibali. Mashamba bora huwekewa masharti zaidi: udongo wa juu na wa chini huondolewa na kuhifadhiwa mbalimbali, hurudishwa kwa mpangilio wake, na dhamana ya fedha haiachiliwi yote mpaka shamba lithibitishe kwa mavuno kuwa limefikia mashamba jirani yasiyochimbwa. Muda wa kuwajibika ni miaka 5 baada ya kupanda mara ya mwisho, na miaka 10 katika maeneo yenye mvua chache. Hapa kwetu nako mgodi hutakiwa kuwa na tathmini ya athari kwa mazingira, mpango wa ufungaji na dhamana ya ukarabati, na mwananchi ana haki ya kuomba taarifa za mazingira. Kote huko, mizani ni hali ya awali. Mgodi una vitabu vyake vya hali ya awali. Si vibaya kijiji nacho kikawa na chake.

Hilo linanileta kwenye zawadi. Ndani ya mfuko muuzaji alitia bure kipimo cha udongo, kile cha kijani chenye miguu miwili ya chuma na mshale, kisicho na betri, kinachodai kupima pH, unyevu na mwanga. Nilikichomeka katika shamba la kahawa, kikasema 7. Nilikichomeka katika jivu la jikoni, kikasema 7. Nilikichomeka katika mfuko wa mchele, kwa hasira tu, kikasema 7. Hata bure ni ghali. Kwa udongo, chukua sampuli kutoka sehemu kumi au kumi na tano za shamba, zichanganye, na upeleke nusu kilo katika maabara ya udongo, mathalani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro.

Hata hivyo, kemia siyo tatizo la kwanza la shamba linalorudishwa. Tatizo la kwanza ni kushindiliwa. Udongo wa juu ukifukuliwa na kurundikwa kilima kirefu kwa miaka, viumbe wake hufa kwa kukosa hewa. Ukirudishwa kwa mitambo mizito, hasa ukiwa na unyevu, hugeuka sakafu. Kipimo chake ni kipande cha nondo ya milimita 8 chenye urefu wa mita moja, kilichonolewa ncha na kukunjwa mpini. Tuna shimo la zamani la kuchukulia kifusi cha barabara ambalo kijiji kililifukia, na tulilitumia kama shamba la majaribio kwa kuwa linafanana sana na ardhi iliyochimbwa. Nilisukuma nondo kwa uzito wangu wote. Ikaingia sentimita 12 ikagoma. Nikavuka njia, nikaisukuma katika shamba la ngoro la jirani. Ikaingia sentimita 55 kwa mkono mmoja.

Kwa wasioijua, ngoro ni kilimo cha Wamatengo cha miteremkoni, nacho kina zaidi ya miaka mia moja. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, hata mlima mzima ukaonekana kama sega la nyuki: matuta pande nne, shimo katikati. Mvua hunaswa mashimoni badala ya kushuka na udongo, na nyasi huozea chini ya maharage, na baada ya maharage huja mahindi. Kwenye kifusi kilichoshindiliwa tulianza kwa sururu, kwa maana jembe lilidunda, tukavunja kufikia sentimita 40, tukatia samadi, tukapanda marejea, ile mikundekunde ya maua ya njano ambayo Wabenediktini wa Peramiho waliieneza mkoani kwetu, na tukaizika kabla haijakomaa. Msimu wa pili tukachimba ngoro hapohapo. Nondo sasa inaingia sentimita 31. Mahindi yalitoa chini ya nusu ya yale ya jirani, na sioni aibu kulisema, kwa sababu ndiyo tarakimu itakayomwonyesha mgeni yeyote kwamba kusawazisha ardhi kwa tingatinga na kupanda miti mistari miwili si kurudisha shamba.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kijiti cha pH na umeme nisingekinunua tena. Ningenunua kile cha umeme na joto pekee, ambacho katika duka lilelile huuzwa kwa bei ya chini zaidi na hakina elektrodi ya kufa kabatini. Bakaa ningenunulia vimiminika vya kusawazishia, betri za akiba na nauli ya kupeleka chupa maabara mara mbili kwa mwaka, ili salfeti na chuma vipimwe kwa jina. Utepe, chaki, ndoo na nondo ningenunua kabla ya kijiti. Muuzaji, nilipopita tena mwezi wa saba, alinionyesha toleo jipya linalotuma vipimo kwenye simu na kuvihifadhi lenyewe. Nilimshukuru, nikamwambia kwamba kwetu mashahidi wawili hutia sahihi.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu na kijana yule wa kabati. Juu ya mgodi 61, chini yake 63. Ndoo sekunde 52, wastani wa mara tatu. Kisima cha shule mita 7.34. Ukurasa wa 41 umebakiwa na mistari minne.